Uso wa Namba 417

Sindeni, Handeni
3 Machi 1975

Ndugu Valerian,

Hatujuani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Sindeni, na alasiri nafundisha kisomo cha watu wazima. Anwani yako nimepewa na mama mmoja anayeuza chai pale Mombo, basi la kutoka Lushoto linaposimama. Nilikuwa natoka kwenye semina. Juu ya masufuria yake alikuwa ametundika nyuso kadhaa za watu, na mmoja ulikuwa na nywele za singa za mkonge, umepakwa rangi ya udongo mwekundu. Nilidhani ni mti. Nilipougusa ukacheza kwenye msumari kama kibuyu kikavu. Mama akasema, "Karatasi tupu hiyo, kazi ya Valerian wa kambini Korogwe. Chukua, zinanikodolea macho mchana kutwa." Nikaununua.

Darasa langu linaandaa mchezo wa kuigiza kwa ajili ya Saba Saba, juu ya maadui watatu: Ujinga, Maradhi na Umaskini. Nataka kila adui awe na uso wake. Mbao hatuna, fundi wa kuchonga hatuna, magazeti ya zamani tunayo. Nina daftari ambamo huandika mambo ya kila siku kwa tarehe, na usiku ule wa Mombo nimeandika maswali tisa. Nakuletea matatu tu, nisikuchoshe. Karatasi unaziponda au unazibandika? Gundi yako ni ya nini? Na kwa nini umechagua karatasi, si mti?

Nina jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya niandike haraka. Nimegeuza kinyago nikatazama ndani. Ukingoni, chini ya magazeti, kuna kipande cha kazi cha enzi za kampuni, kadi ile waliyopewa vibarua wa mkonge. Panasomeka SEMBOJA MHINA, Na. 417, HANDENI. Zaidi ya hapo pamefunikwa. Katika darasa langu yupo bibi mmoja, Bibi Mwatumu. Mume wake wa kwanza aliitwa Semboja Mhina. Alikwenda kwenye mkonge Korogwe, na mwaka 1955 jumbe akaletewa taarifa kwamba amefariki. Bibi alikaa eda huku huku Handeni. Kaburi hajaliona mpaka leo.

Je, ni huyo? Na kama ni huyo, unalijua kaburi lake?

Mwenye maswali mengi,
Mwl. Zuena Sadala


Shamba la Mkonge, Kambi Namba Tatu
Korogwe
17 Machi 1975

Mwalimu Zuena,

Salaam. Mama wa chai ni mama yangu mzazi, Mama Josefina. Kinyago ulichonunua hakikuwa cha kuuza. Nilikitundika pale kwa sababu kwangu panavuja. Mama nimemlalamikia, ameniambia nikatundike nyuso zangu kwenye miti. Basi kaa nacho.

Mimi sipondi, nabandika. Karatasi ikipondwa inakuwa kama ugali, ni nzuri kwa pua na masikio tu. Kwa uso chana vipande vya upana wa vidole viwili. Chana kwa mkono, usikate kwa mkasi, maana ukingo wa mkasi hauungani na mwenzake. Kwanza finyanga uso kwa udongo wa kichuguu. Upake mafuta ya nyonyo ili karatasi isigande. Gundi ni unga wa muhogo na maji, upike mpaka mwiko uache njia. Tabaka la kwanza lilaze, la pili lisimamishe, la tatu lilaze. Matano yanatosha. Ngoja kila tabaka likauke kivulini ndipo uweke jingine. Mwisho unavua uso kutoka kwenye udongo kama unavyovua kiatu.

Mdomo ufanye mwisho. Mdomo ndio unaoshinda watu.

Umeuliza kwa nini si mti. Mti ni mzito.

Vipande vya kampuni ya zamani vilikuwa vingi, vilitupwa kama takataka, nami nabandika chochote ninachokipata. Huyo Semboja simjui.

V. Eliasi


Sindeni
14 Aprili 1975

Ndugu Valerian,

Nashukuru sana kwa maelekezo. Sasa pokea taarifa ya kushindwa kwetu, nimeinakili kutoka kwenye daftari.

Tarehe 29 Machi: tumefinyanga nyuso tatu. Tarehe 31: tumebandika tabaka la kwanza. Tarehe 2 Aprili: Maradhi amekauka, Umaskini amekauka, Ujinga bado mbichi. Tarehe 5: Ujinga bado mbichi. Tarehe 6: mbuzi wa Mzee Muhidini wameingia darasani, wamewapita Maradhi na Umaskini, wamemramba Ujinga mpaka pua imekwisha.

Nilifanya uchunguzi. Gundi ya Ujinga ilipikwa na Swaumu, na Swaumu alitia chumvi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mwalimu, nimepika uji tangu nina miaka saba. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye chumvi, sikuutuma." Darasa zima walicheka isipokuwa Mzee Muhidini, ambaye ndiye tuliyempangia kuwa Ujinga. Yeye anasema, "Mbuzi wangu wameniokoa. Kwa nini niwe Ujinga mimi, na kusoma najua? Mpeni huyu jirani yangu, yeye bado anashika gazeti kichwa chini."

Maradhi kakauka lakini mende wanamla kwa nyuma. Hilo nalo lina dawa?

Kuhusu Bibi Mwatumu. Nilimwonyesha lile jina ndani ya kinyago. Alilisoma mwenyewe, silabi kwa silabi, kidole chini ya herufi. Kisha akaenda nyumbani akarudi na kopo la bati. Mwaka jana tulipohamia hapa kijijini watu walibeba milango na vinu, yeye alibeba kopo lile kwapani. Ndani mna kipande cha Semboja cha mwaka 1951, alichokuja nacho likizo. Jina ni lile lile, namba 417, na alama ya dole gumba. Sasa hatuna shaka kwamba ni yeye.

Bibi hataki mengi. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie huyo fundi sitaki kumsumbua. Nataka anionyeshe aliyelala pale amelala wapi. Nikae naye kidogo. Miguu yangu bado inafika Korogwe mwaka huu, mwakani sijui."

Na mti kuwa mzito si jibu. Kinyago cha mti huvaliwa kutwa ngomani na hakuna anayelia uzito. Kwa nini karatasi?

Mwl. Zuena


Kambi Namba Tatu
2 Mei 1975

Mwalimu,

Nimesoma habari za mbuzi wakati wa chakula nikapaliwa. Mwambie Swaumu akitaka kutia kiungo, achemshe majani ya mwarobaini, maji yake yapikie gundi. Mende hawataonja mara ya pili. Ujinga usimtupe, pua mpya inabandikwa juu ya ile ya zamani.

Bibi mwambie asije. Makaburi ya kambi ni mengi na mengine yameingia mkonge. Vibao vimeoza. Atachoka bure na miiba itamchoma. Kama ni dua, itafika hata akiombea Sindeni.

Karatasi ilikuwepo, mti haukuwepo. Tunaishi ndani ya mkonge, na mkonge si mti.

V. E.


Sindeni
20 Mei 1975

Ndugu Valerian,

Barua hii ni ya kukiri kosa, na kisha ni ya kuuliza.

Uliniambia huyo Semboja humjui. Barua ya pili hukusema humjui, ulisema tu Bibi asije. Niliziweka barua zako mbili pamoja nikaona hazitazamani. Nikafanya jambo ambalo nilipaswa kukuomba ruhusa kwanza. Nilichemsha maji kwenye sufuria, nikashikilia kinyago chako juu ya mvuke, nikainua lile gazeti lililofunika kipande. Nilitumia sindano ya kushonea mikeka, nusu inchi kwa nusu inchi. Nilianza saa nane mchana nikamaliza saa kumi na moja. Sikuchana kitu.

Nanakili kutoka daftari la tarehe 17 Mei:

"Kinyago kina matabaka matano. Nikihesabu kutoka nje kwenda ndani, la tano ni gazeti. La nne ni kipande kizima cha kazi, hakikuchanwa vipande kama karatasi nyingine. Kimelazwa sehemu ya paji la uso. Mwaka 1954. Visanduku thelathini vya siku za kazi, vyote vimetiwa alama. Alama ya dole gumba ipo. Nimeilinganisha na ya kopo la Bibi kwa kioo cha kukuzia cha shule. Ya 1951 ina duara katikati, kama maji yanavyozunguka kwenye mtungi. Ya 1954 mistari yote imepinda upande mmoja, na kovu limeikata katikati. Hizi si alama za dole la mtu mmoja."

Nimefuta sentensi ya mwisho mara mbili na kuiandika tena mara mbili.

Ndugu Valerian, mtu aliyetia dole mwaka 1954 kwa jina la Semboja hakuwa Semboja. Wewe umekilaza kipande chake kizima, penye paji la uso, jinsi mtu anavyolaza mgonjwa. Huwezi kuniambia unabandika chochote unachokipata.

Bibi sijamwambia. Amekwisha kufua khanga ya safari. Kila alasiri ananiuliza kama barua imekuja. Nakuuliza wewe kwanza, kwa sababu kinyago ni chako.

Zuena


Kambi Namba Tatu
6 Juni 1975

Mwalimu Zuena,

Siku nne nilikuwa na hasira na wewe. Siku ya tano nilienda Mombo nikamsomea mama barua yako. Aliendelea kukanda unga wa maandazi. Alipomaliza akasema, "Mjibu. Mimi nimechoka kumbeba peke yangu."

Baba yangu aliitwa Eliasi, mtu wa Newala. Alikuja kwa mkataba kwenye shamba jingine, si hili. Mwaka 1952 mnyapara wa huko alimpiga mama fimbo, mimi nikiwa mgongoni, nina miaka mitatu. Baba akatoroka nasi. Wakati ule mtoro hakuandikwa kazi shamba lolote, majina yao yalizungushwa ofisini. Tukafika hapa na njaa. Hapa kambini palikuwa na Mzigua, Semboja, naye alitaka kuondoka bila kuaga. Alikwenda wapi sikuambiwa. Alimpa baba kipande chake akamwambia, "Hawa wanajua namba, hawajui nyuso." Asubuhi ilipoitwa 417, baba akaitika. Akaitika miaka mitatu.

Mwaka 1955 alipata homa akafa. Ofisi ikaandika kwenye faili kwamba Semboja Mhina wa Handeni amefariki, ikatuma habari kwenu, kwa sababu ndiko faili lilikosema. Waislamu wa kambi, wakidhani ni mwenzao, wakamzika upande wao, kwa heshima zote. Mama alinishika mdomo nisiseme. Ukweli ungejulikana, tungelala nje siku ile ile. Kwenye kaburi kuna kibati chenye namba. Najua kilipo. Napalilia kila mwezi. Nilikudanganya.

Umeniuliza mara mbili kwa nini karatasi, sasa sikia. Baba alikuwa akinieleza kwamba kwao kinyago cha mti huchongwa na mwanamume aliyepita jandoni na kufundishwa na wazee. Alisema atanipeleka nikikua. Hakuwahi. Kwa hiyo mimi mti sina ruhusa nao, na sitauiba. Karatasi haikukatazwa na mtu, nadhani wazee hawakuifikiria.

Mwaka 1967 mashamba yalipotaifishwa, ofisi ilitoa mafaili ya kampuni ili yachomwe. Nilikuwa mfagiaji pale. Nilikaa chini mbele ya rundo nikachambua namba 417 tangu 1952 hadi 1955. Picha ya baba haipo. Jina lake halipo popote. Kidole chake ndicho kilichokuwemo kwenye zile kadi. Nimetengeneza nyuso kumi na moja, kila moja na kipande kimoja ndani. Zote ulizoziona Mombo ni za mtu mmoja, na zote zimekosea. Macho nayajua, paji nalijua, chale za mashavuni nazijua. Mdomo unanikataa. Nilikuwa na miaka sita.

Sasa fikiri. Bibi akija na ndugu zake wakasema huyu si wetu, kambi itauliza ni wa nani. Mama yangu hapa anaitwa mjane wa Semboja mpaka leo. Na huyo Bibi wako, alikaa eda kwa mtu ambaye pengine alikuwa hai, anakula samaki mahali. Ukimwambia, utamwondolea kaburi na hutampa mume. Ndiyo sababu nilisema asije.

Lakini uamuzi nakuachia. Wewe ndiye unayemwona kila alasiri.

Valerian, mwana wa Eliasi


Sindeni
14 Julai 1975

Ndugu Valerian,

Kinyago chako kinarudi kwako. Amekibeba kondakta wa basi la Korogwe, ndani ya kikapu, kimezungushiwa majani ya mgomba makavu. Tafadhali kikague kama kimefika bila kupondeka kabla hujaendelea kusoma.

Nilimwambia. Nilikaa na barua yako siku tisa. Nilitengeneza ukurasa wenye safu mbili, sababu za kusema na sababu za kunyamaza. Safu ya kunyamaza ilikuwa ndefu zaidi. Siku ya kumi nikamkuta Bibi anazitazama tena zile kadi mbili, ya kopo gotini, nyingine ndani ya kinyago alichokigeuza na kuinua gazeti, ameweka dole gumba lake kwanza juu ya moja, kisha juu ya nyingine. Macho yake ni mazuri kuliko nilivyodhani.

Nikasema, "Shikamoo, Bibi. Nina maneno."

"Marahaba. Yaseme, mwalimu. Usinizungushe kama mtihani."

Nikamsomea barua yako yote, hata pale pa samaki. Nilijiandaa kwa kilio. Nilikuwa nimemwomba Tatu, jirani yake, akae karibu. Bibi hakulia wala hakuonekana kushangaa, na hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Aliuliza, "Huyo wa Newala, alikuwa na mikono mirefu?" Nikasema sijui. "Jina lake umesema nani?" Nikasema Eliasi. Akalirudia, E-li-a-si, E-li-a-si, kama tunavyofanya darasani tukipata neno jipya. Kisha akaniambia nimwachie kinyago.

Yaliyofuata nimeyaandika siku kwa siku. Tarehe 19 Juni alikilowesha kwa kitambaa mpaka kikalegea, akakivika juu ya udongo mpya wa kichuguu. Nilimkumbusha kipande kisiguswe na maji, akasema, "Najua paji liko wapi." Tarehe 20 na 21 alishughulika na mdomo tu. Aliusukuma, akaushusha kona ya kushoto, akaufungua kidogo, akabandika pale mbele jino moja lenye kuvunjika. Swaumu akamwuliza, "Bibi, unamtengeneza nani na hukumwona?" Bibi akajibu, "Wewe uliyewalisha mbuzi Ujinga, nyamaza."

Tarehe 27, nyuma ya lile gazeti nililolirudisha mahali pake, aliongeza tabaka la sita. Ni karatasi ya daftari la kisomo. Aliandika kwake, akaja nayo imekunjwa. Nikanyoosha mkono kuichukua niisahihishe, maana mtihani wa taifa ni mwezi ujao na herufi zake bado zinapanda kilima. Akasema, "Hii si ya kusahihishwa." Aliibandika kwa gundi hafifu, maandishi yakitazama ndani, akaifunika na kipande cha khanga ili nisione. Akaniambia wewe utajua jinsi ya kuiinua. Sikuisoma. Ndugu Valerian, hujui ni kazi ngumu kiasi gani kwangu kuandika sentensi hiyo.

Kambini hatakuja na ndugu. Anasema ndugu hawahusiki. Anataka kuja na mimi tu, na bado anataka kaburi lile lile.

Saba Saba ilikwenda vizuri. Mzee Muhidini alikubali kuwa Ujinga baada ya kuona Ujinga ndiye anayechekesha kuliko wote. Wakubwa wa wilaya waligusa nyuso wakauliza ni mti gani.

Katika daftari, chini ya tarehe 21 Juni, nimeandika swali, "Alijuaje mdomo?" Nimeacha nafasi ya mistari minne.

Mwl. Zuena Sadala


(Ndani ya kinyago, tabaka la sita)

MWANANGU VALERIAN

NAANDIKA MIMI MWATUMU. MWALIMU HAJASOMA.

BABA YAKO ALIKUJA KWANGU. ULIKUWA MWAKA ULE ALIOCHUKUA KIPANDE. ALITEMBEA SIKU MBILI. NILIMPIKIA. ALIKULA POLEPOLE SANA. ALIKUWA HATAKI KUMALIZA KWA SABABU AKIMALIZA ATASEMA.

ALISEMA SEMBOJA AMEKWENDA MOMBASA NA MWANAMKE WA KAMBINI. AMETUMA TALAKA KWANGU KWA MDOMO WA BABA YAKO. BABA YAKO ALISEMA AKITAZAMA CHINI. NILIMWOMBA ASIMWAMBIE MTU HAPA. KUACHWA NA MJUMBE NI AIBU. ALISEMA MAMA SITASEMA. NAYE ALINIAMBIA SIRI YAKE KWAMBA YEYE NDIYE 417 SASA. NILISEMA SITASEMA.

ILIPOKUJA HABARI YA KIFO NILIJUA NI NANI. SIKUJUA JINA. NILIKAA EDA MIEZI MINNE NA SIKU KUMI. WATU WALISEMA ANAMLILIA SEMBOJA. MIMI NILIMLILIA YULE ALIYETUNZA SIRI YANGU. MIAKA ISHIRINI NILITAKA KUJUA NILIMLILIA NANI. SASA NAJUA. ELIASI.

WEWE HUUJUI MDOMO WAKE KWA SABABU ALIKUWA AKICHEKA ANAUFUNIKA KWA MKONO. ALIONA HAYA YA LILE JINO. KWANGU WAKATI WA KUAGA MIKONO YOTE ILIKUWA IMESHIKA MUHOGO NILIOMPA. MTOTO WANGU ALISHIKA KUKU AKAANGUKA NAYE. BABA YAKO AKACHEKA. NILIUONA.

MAMA YAKO MWAMBIE ASIOGOPE. MJANE WA SEMBOJA NI YEYE. MIMI NILIACHWA.


Kambi Namba Tatu
Korogwe
1 Agosti 1975

Mwalimu Zuena,

Kikapu kimefika salama. Singa tatu tu zimekatika.

Njooni Jumapili ya tarehe 17. Nitawasubiri stendi ya Korogwe nikiwa na baiskeli, Bibi atakaa nyuma, wewe utatembea, ni mwendo wa saa moja. Miiba nimekwisha kuifyeka. Watu wa kambi wakiuliza, mgeni ni mama kutoka Handeni amekuja kumwombea marehemu wa 417, na hilo ni kweli. Bibi atasoma anachokijua, mimi nitasoma ninachokijua. Kibati nimekisugua kutu. Chini ya namba nimepaka jina kwa rangi nyeupe, dogo, la herufi sita. Sikuulizwa na mtu.

Zile nyuso nyingine kumi nimeziteremsha. Sitaziharibu, vipande vimo. Lakini sitatengeneza ya kumi na mbili. Nikipata karatasi nitajaribu ndege.

Kuhusu swali lako la tarehe 21 Juni, tabaka la sita limeinuka lote, halikuchanika hata herufi. Bibi ana gundi nyepesi kuliko yangu. Ile nafasi ya mistari minne naomba uiache ilivyo. Najua ni kazi ngumu kwako.

Juzi nilikipeleka kinyago Mombo. Basi la Lushoto lilikuwa limesimama, watu wanapiga kelele za chai. Nilimpa mama. Alijifuta unga, akakishika kwa mikono miwili, akakitazama muda mrefu mpaka abiria mmoja akasema, "Mama, maandazi yanaungua." Hakugeuka. Aliinua mkono wake wa kulia, akaufunika mdomo wa kinyago kwa kiganja. Halafu akaanza kucheka.

Valerian Eliasi